Namba Isiyo na Bahati

Ndugu msomaji, kabla hujaniambia kwamba wewe na hesabu mliachana siku ile ulipotoka kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne, hebu chukua kalamu. Karatasi yoyote itafaa, hata pembeni mwa ukurasa huu. Jarida ni lako, umelinunua. Andika: 381654729.

Usiisome kama wanavyosoma watu wa benki, milioni mia tatu themanini na moja na ushee. Isome kama konda anavyohesabu abiria, mmoja mmoja kutoka mlangoni. Tatu, nane, moja, sita, tano, nne, saba, mbili, tisa. Sasa anza kugawa. Tarakimu ya kwanza ni 3, na 3 inagawanyika kwa 1, hapo hatugombani. Chukua mbili za mwanzo, 38, gawa kwa 2: 19, hakuna baki. Tatu za mwanzo, 381, kwa 3: 127. Nne za mwanzo, 3816, kwa 4: 954. Tano, 38165, kwa 5: 7633. Sita, 381654, kwa 6: 63609. Saba, 3816547, kwa 7, na hapa wengi huanza kutoka jasho: 545221, kamili. Nane, 38165472, kwa 8: 4770684. Zote tisa kwa 9: 42406081. Ukipachika na 0 mwishoni, inagawanyika kwa 10, bila shaka.

Na katika safari yote hiyo kila tarakimu kutoka 1 hadi 9 imepanda mara moja tu. Hakuna iliyorudia, hakuna iliyoachwa kituoni. Tarakimu hizo tisa unaweza kuzipanga kwa namna 362,880. Ukiamua kuandika kila mpangilio kwa sekunde moja, bila kula wala kulala, itakuchukua saa mia moja na dakika karibu hamsini, yaani siku nne na zaidi. Katika umati wote huo, anayeweza kufanya hivi ni mmoja. Ni huyu uliyemwandika pembeni mwa ukurasa.

Najua swali linalofuata, kwa sababu kila niliyemwonyesha ameniuliza hilo hilo: inasaidia nini?

Sawa. Katika jiji hili la Dar es Salaam kila namba ina kazi. Kuna namba ya luku, namba ya siri, namba ya kitambulisho, kodi ya miezi sita, namba ya mwenye nyumba ambayo ukiiona inaita unaigeuza simu kifudifudi. Namba isiyodai wala kudaiwa ni kama mtu mzima aliyekaa barazani saa nne asubuhi. Watu wanampita, halafu wanageuka kumtazama tena.

Mimi kazi yangu ni fotokopi. Usiku naandika hadithi, mchana natoa kopi za vyeti, mikataba ya vyumba na mitihani ya majaribio, katika kiduka cha steshenari huko Temeke. Namba hii ilinifikia kikazi. Kuna mzee mmoja mstaafu anayefundisha tuisheni watoto wa darasa la saba. Alikuja na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, hati nzuri ya walimu wa zamani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akasema, "Mwanangu, nitolee thelathini." Mashine ilipokuwa inanguruma nikasoma swali la mwisho. Lilidai namba yenye tarakimu 1 hadi 9, kila moja mara moja, ambayo tarakimu zake mbili za mwanzo zigawanyike kwa 2, tatu za mwanzo kwa 3, na kuendelea mpaka 9.

"Mwalimu, jibu lake nini?"

"Lipo humo humo kwenye swali," akasema. "Thelathini, na usizikunje."

Basi. Zile kopi zilizotoka na weusi, ambazo huwa tunazitumia kufungia, ndizo zilizokuwa daftari langu kwa siku tano. Nilipoipata nikaiandika kwa maka nene kwenye boksi la karatasi, nikaliweka kaunta. Hapo ndipo Fundi alipoiona.

Fundi si jina lake, ila ndivyo tunavyomwita mtaani, na inatosha. Anatengeneza pikipiki chini ya mkungu, hatua ishirini kutoka dukani. Mkono wake ni mzuri, hilo hata maadui zake wanakubali. Tatizo lake ni mikeka. Msomaji wangu, kama unaishi mjini sina haja ya kukueleza mkeka ni nini: mechi kumi na mbili, mia tano yako, na ndoto ya milioni nane. Wiki ile mkeka wa Fundi ulikuwa umechanika vibaya, tena si kwa hela yake. Ilikuwa shilingi elfu themanini aliyopewa na mteja akanunue pistoni na ringi. Mteja, mama mmoja mwenye bodaboda ambayo ndiyo inalisha nyumba, hakupiga kelele. Alikuja na kijana mmoja, wakabeba boksi la spana, likawa rehani mpaka hela irudi. Kwa hiyo Fundi tuliyekuwa naye siku hizo alikuwa fundi wa kuazima. Anaazima spana namba kumi kwa huyu, namba kumi na nne kwa yule, na kila anayeazimwa anakaa pembeni kusubiri ya kwake irudi.

Akaja kaunta, akaisoma ile namba, akaisoma tena kwa kidole. Nikamwonyesha mambo yake, moja baada ya jingine, kama nilivyokuonyesha wewe. Alipofika kwenye 7 akasonya.

"Hii ndo yenyewe," akasema. "Mshikaji, namba kama hii haiwezi kukaa bure. Hii ni ya kuchezea."

Nilimwelewa vizuri, na ndiyo maana niliogopa. Mtu aliyeliwa haamini kwamba michezo ile haina siri. Anaamini siri ipo, ila yeye bado hajaambiwa. Leo amekuja dukani kwa rafiki yake, na juu ya boksi la karatasi kuna namba moja kati ya laki tatu na ushee. Ungekuwa wewe usingeona kwamba hatimaye umeambiwa?

Sikumhubiria. Mahubiri kuhusu mikeka ameshayasikia kwa mama yake, kwa shehe, na kwa yule mwenye bodaboda. Nikamwambia hivi: kabla hujaicheza, tuitafute. Tuifute hapa, tujifanye hatuijui, tuone imetoka wapi. Mteja hakuna, umeme umekatika, mashine imelala. Akavuta stuli.

Tulianza na lililo jepesi. Tarakimu tano za mwanzo lazima zigawanyike kwa 5, na namba ya namna hiyo huishia na 0 au 5. Sifuri hatunayo. Basi 5 inakaa nafasi ya tano, katikati kabisa, haina pa kukimbilia. "Hiyo ekseli," akasema Fundi. "Vingine vinazunguka hapo."

Halafu shufwa. Ukigawa kwa 2, kwa 4, kwa 6 au kwa 8, namba yako lazima iishie na shufwa. Kwa hiyo nafasi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane ni za shufwa, na shufwa tulizonazo ni nne tu: 2, 4, 6 na 8. Nafasi nne, watu wanne, pamejaa. Witiri zilizobaki, 1, 3, 7 na 9, zinachukua ya kwanza, ya tatu, ya saba na ya tisa. Angalia tulipofika kwa sentensi hizo chache: kutoka mipangilio 362,880 tumebaki na 576, na hatujakisia kitu.

Nafasi ya nne ikatupa raha zaidi. Ukitaka kujua kama namba inagawanyika kwa 4, unatazama tarakimu zake mbili za mwisho tu, maana mamia yote yanagawanyika kwa 4. Sasa ya tatu ni witiri. Jaribu mwenyewe: 12 inakubali, 16 inakubali, 32, 36, 72, 76, 92, 96 zinakubali. Lakini 14, 18, 34, 38 na ndugu zao zinakataa katakata. Kwa hiyo nafasi ya nne ni 2 au 6. Nafasi ya nane nayo ni hivyo hivyo, kwa kuwa kinachogawanyika kwa 8 kinagawanyika kwa 4 pia, na kabla yake kuna witiri. Basi 4 na 8 zinabaki kugawana ya pili na ya sita.

"Zinajibana zenyewe," akasema Fundi. Hapo alikuwa ameshanipokonya kalamu.

Tatu za mwanzo zinagawanyika kwa 3, na tulifundishwa shule ya msingi kwamba jumla ya tarakimu zake lazima igawanyike kwa 3. Sita za mwanzo zinagawanyika kwa 6, kwa hiyo kwa 3 pia. Ukiziondoa zile tatu za mwanzo, zinazobaki, ya nne, ya tano na ya sita, jumla yake lazima nayo igawanyike kwa 3. Katikati yupo 5. Kushoto kwake ni 2 au 6, kulia ni 4 au 8. Mbili, tano, nane: 15, safi. Sita, tano, nne: 15, safi. Zile nyingine mbili zinatoa 11 na 19. Katikati ya namba yetu, basi, ni 258 au 654, na hakuna cha tatu.

Hatua mbili zinazofuata nakuachia, si kwa uvivu, ila kwa sababu ni tamu na sipendi kumtafunia mtu. Kumbuka tu kwamba ya saba na ya nane kwa pamoja zinapaswa kutoa 16, 32, 72 au 96. Sharti la 9 halitakusumbua kabisa: 1 hadi 9 ukizijumlisha ni 45, kwa hiyo upange utakavyo, zote tisa zinagawanyika kwa 9. Sisi tulipomaliza tulikuwa na namba kumi tu kwenye karatasi: 147258963, 741258963, 183654729, 381654729, 189654327, 189654723, 981654327, 981654723, 789654321 na 987654321.

Limebaki sharti moja, la 7. Saba haina huruma. Njia zake za mkato ni ndefu kuliko njia yenyewe, kwa hiyo unakaa chini na kugawa kama mtoto wa darasa la nne. Fundi akakaa na kugawa. Ya kwanza, baki 6. Ya pili, baki 2. Kila ikibaki alisema, "Jino limebaki nje," kwa sauti ile ile anayomwambia mteja kwamba mnyororo umekwisha.

Aliyoipenda sana ilikuwa 987654321, na nani asingeipenda? Inashuka ngazi kwa mpangilio kama askari wa gwaride. Na kwa kweli haikosi kitu. Mbili za mwanzo, 98, kwa 2 sawa. 987 kwa 3 sawa. 9876 kwa 4 sawa. Tano, sita, sawa. Nane za mwanzo ukizigawa kwa 8 unapata 12345679, kana kwamba inakutania. Akagawa saba za mwanzo kwa 7, polepole, huku anaomba. 1410934, baki 5. Alibaki anaitazama ile 5. Namba nzuri kuliko zote, imefeli mahali pamoja tu.

Kisha akaigawa ile ya nne, 3816547, ikaingia yote.

Kimya kikapita. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeniuliza, na ndilo lililonifanya niandike makala haya badala ya hadithi niliyomwahidi mhariri.

"Kwa hiyo hamna aliyeipanga?"

"Hamna."

"Na haikuwa inaweza kuwa nyingine."

"Haikuwa."

"Sasa bahati yake iko wapi?"

Hapo ndipo nilipoona tofauti ambayo nilikuwa sijaiwekea maneno. Namba za mikeka zingeweza kuwa nyingine. Mpira ukigonga mwamba, jana ingekuwa tofauti, na hilo ndilo linalomtesa mtu usiku, ile "ingekuwa". Namba hii haina "ingekuwa" ndani yake. Ukianza na masharti yale, uwe Temeke au Tokyo, unafika hapa hapa, tajiri na maskini kwa nauli moja. Huwezi kuiwahi, huwezi kuibiwa, huwezi kupewa kwa kujuana. Sijui kama Fundi aliliona hivyo. Alichosema ni, "Basi hata mimi ningeipata." Nikamwambia, "Si umeipata?"

Usidhani aliokoka pale pale. Macho yaliyozoea kutafuta ishara hayaachi. Siku mbili baadaye alinijia mbio na kipande cha karatasi, amezipanga tarakimu mistari mitatu: 381, juu ya 654, juu ya 729. "Jumlisha mistari!" Kumi na mbili, kumi na tano, kumi na nane. "Zinapanda tatu tatu! Na ona safu ya katikati, nane, tano, mbili, zinashuka tatu tatu! Na 729 ni tisa mara tisa mara tisa!" Yote kweli, nilihakiki. Lakini sehemu ya hayo imelazimishwa na masharti, kama ile 15 ya katikati ambayo tuliiona ikizaliwa, na sehemu imetokea tu. Tukabishana nusu saa, ipi ni ya lazima na ipi ni ya kubahatisha. Mteja wa pasipoti saizi akatusubiri mpaka akakasirika. Kwangu mimi ubishi ule ulikuwa ushindi mkubwa kuliko jibu lenyewe, maana mtu yule kabla ya hapo alikuwa hagawi mambo mafungu mawili namna hiyo.

Na ubishi ukatupeleka mbele. Ukiondoa sharti la kutorudia tarakimu, ukaruhusu na sifuri, namba za ukoo huu, ambazo kila ukikata mwanzo wake unagawanyika kwa idadi ya tarakimu ulizokata, ni nyingi mno. Zenye tarakimu moja ni 9, zenye mbili ni 45, zenye tatu 150. Ukoo unakua mpaka tarakimu tisa, ambako zipo 2,492, na kumi zipo 2,492 tena, sawasawa. Baada ya hapo unaanza kupungua. Sababu ni ya wazi ukiifikiria: kila hatua unaruhusiwa kuongeza tarakimu moja, yaani una nafasi kumi za kujaribu, lakini ukishavuka 10 kigawanyo kinakuwa kikubwa kuliko nafasi zako. Unaweza kujaribu zote kumi na kukosa. Mistari inakatika mmoja mmoja. Zenye tarakimu 23 ni 6. Zenye 24 ni 3. Yenye 25 ni moja: 3608528850368400786036725. Hakuna tarakimu unayoweza kuiongeza hapo ikagawanyika kwa 26. Jumla ya ukoo mzima, tangu wa kwanza hadi huyo wa mwisho, ni 20,456, na ukoo umekwisha.

Fundi aliitazama ile ndefu muda mrefu. "Huyu alikuwa mtoto wa mwisho," akasema, "hana wa kumrithi." Mimi ndiye ninayejiita mwandishi, lakini sentensi hiyo ni yake.

Boksi la spana bado halijarudi lote. Yule mama alikubali kulipwa kwa kazi, na kila akifanyiwa sevisi anarudisha spana mbili tatu. Wiki iliyopita imerudi namba kumi na saba. Jumamosi Fundi alicheza mkeka, siwezi kukudanganya, msomaji, ila alicheza mia tano na ilikuwa yake.

Ile namba aliichukua. Ameipigilia kwenye mkungu, juu ya chupa za oili, kwa maka yangu. Ina tarakimu tisa, kama namba za simu zetu ukiondoa ile sifuri ya mbele, kwa hiyo wateja wanadhani ni ya kwake. Juzi mmoja alikuja analalamika kwamba amempigia asubuhi nzima, pikipiki imemzimikia Mbagala, na kila akipiga anaambiwa namba hiyo haipo. Fundi akafuta mikono kwa tambara, akavuta stuli, akamwambia, "Ipo. Kaa hapa nikuonyeshe."